Jinsi ya Kuhakiki Anime za Msimu na Hadithi za Fantasia: Mwongozo Kamili kwa Mhakiki wa Uganda

Msomaji wa uhakiki nchini Uganda hulipa kabla ya kutazama. Episodi moja ya anime, yaani katuni za Kijapani, yenye dakika 24, ikipokelewa kwa mwendo wa megabiti 1 kwa sekunde, hula megabaiti zipatazo 180, na msimu wa episodi 12 hupita gigabaiti 2. Juu ya hayo, tangu Julai 2021 bando la intaneti hutozwa ushuru wa asilimia 12. Anayemwambia mwenzake "itazame hii" anatia mkono mfukoni mwa mtu, na ndiyo sababu naiona kazi ya uhakiki kuwa amana.

Nilijifunza hayo kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita nilisifu anime moja ya fantasia baada ya kutazama episodi tatu tu. Kijana wa jirani alinisoma, akatumia bando lake la juma zima kuitazama yote, na katika episodi ya saba hadithi ikavunja sheria zake yenyewe na kusambaratika. Alinijia jioni mlangoni, akanisalimu kwa adabu, kisha akauliza: "Kaka, wewe uliiona mpaka mwisho?" Sikuwa nimeiona. Utaratibu ninaoueleza hapa umetokana na swali lile.

Hatua ya kwanza: ijue kalenda ya Wajapani

Televisheni za Japani huanzisha anime mpya katika misimu minne: ya baridi mwezi wa Januari, ya machipuko Aprili, ya joto Julai, na ya majani kupukutika Oktoba. Kila msimu huchukua majuma 12 au 13, na anime ya msimu mmoja huwa na episodi kati ya 11 na 13, ilhali ile ya misimu miwili mfululizo hufikia 22 hadi 26. Mhakiki anapaswa kuujua urefu huo mapema, kwa sababu hadithi ya episodi 12 inayotumia nne za mwanzo kutambulisha wahusika imekwisha kula theluthi ya muda wake, na jambo hilohilo katika hadithi ya episodi 26 ni mwendo wa kawaida.

Kalenda hii hueleza pia mambo ambayo mtazamaji wa huku huyaona kama mazoea yasiyo na maana. Mwaka wa shule wa Japani huanza Aprili, wakati maua ya sakura yanapochanua, na ndiyo maana hadithi nyingi hufunguka kwa mwanafunzi mgeni anayepita chini ya maua yanayodondoka. Kwetu mwanafunzi huyo angeingia shuleni Februari, na Aprili angekuwa anakanyaga matope ya masika. Msimu wa joto ndio wa hadithi za mizimu, kwa kuwa mwezi wa Agosti familia nyingi huadhimisha Obon, sikukuu ya kuzipokea roho za wahenga zinaporudi nyumbani. Mhakiki asiyejua hayo atalalamika kwamba mzimu umeingizwa hadithini bila sababu.

Kuhusu saa, Tokyo iko mbele ya Kampala kwa saa 6. Ratiba za Japani huandika vipindi vya usiku wa manane kwa hesabu inayopita 24, hivyo "saa 25:30 ya Jumamosi" maana yake ni saa saba na nusu usiku wa kuamkia Jumapili huko kwao, nasi tunakuwa saa moja na nusu ya jioni ileile ya Jumamosi. Umeme ukiwepo, ni wakati mzuri wa kutazama.

Hatua ya pili: chagua chache, na ujue zilikotoka

Katika msimu mmoja huanza anime kadhaa kwa mkupuo, na hakuna mtu mwenye kazi, shule au familia anayeweza kuzihakiki zote kwa haki. Mimi huchukua nne: mbili ninazotarajia kuzipenda, moja nisiyoijua kabisa, na moja ya aina ambayo kwa kawaida huikwepa. Hiyo ya nne ndiyo inayomfunza mhakiki zaidi kuliko nyingine zote, kwa sababu humlazimu kutafuta hoja mahali ambapo mapenzi hayamsaidii.

Kabla ya kuanza, tafuta mambo matatu: chanzo cha hadithi, mwongozaji, na mtu aliyepanga mtiririko wa msimu mzima. Chanzo hueleza mengi. Anime nyingi za mtu anayekufa na kuzaliwa upya katika ulimwengu mwingine, aina inayoitwa isekai, zilianza kama hadithi zilizowekwa bure na waandishi wasio na mchapishaji katika tovuti ya Shosetsuka ni Naro, iliyofunguliwa mwaka 2004. Hadithi iliyoandikwa kidogo kidogo, sura baada ya sura, ili msomaji arudi kesho, hujengwa kama mnyororo usio na mwisho na haina paa kama nyumba. Ikiletwa katika episodi 12, kazi ya mpangaji ni kutafuta mahali pa kukata. Unapohakiki, uliza kama amekata penye kiungo au amekata penye mfupa.

Uliza pia nani alilipia. Anime nyingi hugharimiwa na kamati inayounganisha mchapishaji, kituo cha televisheni, kampuni ya muziki na wauzaji wa bidhaa, na studio iliyochora huwa mara nyingi imeajiriwa tu. Lawama za kwamba msimu umeishia katikati ya hadithi zisitupwe kwa wachoraji, kwani huenda kamati ilitaka tu mtazamaji akanunue vitabu.

Hatua ya tatu: tazama mara mbili, kwa daftari

Pakua episodi mara moja kupitia huduma halali inayoruhusu kuhifadhi, ili uirudie bila kulipia bando upya. Mara ya kwanza itazame bila kalamu, kama mtu yeyote, kwa sababu hisia za kwanza hazirudi. Mara ya pili shika daftari, uligawe ukurasa katika safu tatu: dakika, nilichokiona, na swali.

Nitaonyesha kwa hadithi niliyoitunga kwa ajili ya mwongozo huu. Binti mmoja ana uchawi wa kufufua visima vilivyokauka, na kila kisima kinachojaa humnyang'anya kumbukumbu moja. Daftari langu lingesomeka hivi:

Dakika 4:10. Anafufua kisima cha kwanza. Akirudi njiani, anamwita mbwa wake kwa mluzi, jina limempotea.

Dakika 11:32. Mama anaimba wimbo wa utotoni na kumsubiri aitikie. Picha inabaki kwenye mikono ya binti; anasugua kidole gumba juu ya ukucha wa kidole cha shahada. Hasemi kitu. Muziki umenyamaza kabisa.

Dakika 19:05. Anafufua visima vitatu kwa mkupuo, watu wanashangilia. Amesahau nini? Hatuonyeshwi.

Tazama jinsi safu ya pili inavyobeba vitu vinavyoonekana na kusikika tu. Sikuandika "inahuzunisha". Niliandika kidole gumba, kwa sababu baada ya majuma matatu neno "inahuzunisha" halitanikumbusha chochote, lakini kidole kitaniletea tukio zima. Na swali la dakika ya 19 ndilo litakaloamua hukumu yangu mwishoni mwa msimu.

Watu wengi hufuata desturi ya kuhukumu baada ya episodi tatu. Kwa kuamua kama utaendelea, desturi hiyo inafaa. Kwa kuandika hukumu, haitoshi. Hata watayarishaji wenyewe hawafungwi nayo: Sousou no Frieren, iliyoanza tarehe 29 Septemba 2023, ilirusha episodi zake nne za kwanza usiku mmoja kama kipindi cha saa mbili. Ukiandika mapema, liite andiko lako "maoni ya awali", nalo neno "uhakiki" liwekee siku utakapokuwa umeona yote.

Hatua ya nne: pima sheria za ulimwengu ule

Hapa ndipo penye moyo wa kazi, nami nitakaa kidogo. Mtu akisema kwamba katika fantasia lolote linawezekana, hajasikiliza vizuri hadithi za bibi yake. Chukua simulizi ya Kintu, mtu wa kwanza, na mkewe Nambi jinsi inavyojulikana sana Buganda. Ggulu, baba yake Nambi, anawapa wawili hao sharti moja wanapoondoka mbinguni kwenda duniani: waende mapema, na hata wakisahau kitu wasirudi, la sivyo Walumbe, yaani Mauti, atawafuata. Njiani Nambi anakumbuka kwamba ameisahau nafaka ya ulezi ya kulisha kuku wake. Anarudi, na Walumbe anafuatana naye. Baadaye Kayikuuzi, ndugu yake Walumbe, anatumwa kumkamata, na watu wanaamriwa wakae kimya. Watoto wanapiga kelele, Walumbe anazama ardhini kule Ttanda, na tangu hapo binadamu hufa.

Hesabu yaliyomo. Sharti limetajwa kabla ya kuvunjwa. Ni fupi, hata mtoto analishika. Linavunjwa kwa sababu ndogo na ya kweli ya kibinadamu, kuku atakayelala njaa, wala hakuna aliyefanywa mjinga ili hadithi isonge. Na gharama yake hairudishwi: hakuna uchawi wa pili unaokuja katika sura ya mwisho kumrejesha Walumbe mbinguni. Sijaona kipimo bora zaidi cha fantasia ya nchi yoyote, na kila anime ya uchawi ninayoihakiki huipitisha katika maswali hayo manne. Je, sheria ilitajwa kabla ya kuhitajika? Inaeleweka? Anayeivunja ana sababu ambayo nami ningekuwa nayo? Na gharama inabaki kuwa gharama?

Anime nyingi dhaifu huanguka kwenye swali la nne. Shujaa anapoteza mkono katika episodi ya tano, wanakijiji wanalia, na katika episodi ya sita mganga anaurudisha kwa nuru ya kijani. Tangu hapo kila pambano limekwisha kabla halijaanza, kwa sababu mtazamaji ameshafundishwa kwamba hakuna kinachopotea. Andika dakika ambayo gharama ilifutwa. Ndiyo hoja yako.

Bunilizi za kisayansi nazo zina kipimo chao, kinachofanana na hiki lakini kinaangalia upande mwingine. Hadithi ya aina hii huleta kitu kimoja kipya ambacho hakipo duniani kwetu, na mhakiki hufuatilia kinavyosambaa katika maisha ya watu wasiohusika na shujaa. Waganda tunajua jambo hili kwa kuliishi. Pesa kwa simu zilipoingia nchini mwaka 2009, zilibadili zaidi ya njia ya kutuma fedha: vikatokea vibanda na miavuli ya mawakala hadi vijijini, karo ikalipwa bila mzazi kusafiri, na wezi wakabuni ujumbe wa "nimekutumia kwa makosa, nirudishie". Kitu kimoja kilizalisha kazi mpya, adabu mpya na wizi mpya. Kwa hiyo, ukitazama hadithi yenye roboti wanaofikiri, wasahau kwa muda wanajeshi na wanasayansi, utafute mfagizi, muuza chakula na mwizi. Ikiwa maisha yao ni yaleyale kana kwamba roboti hawapo, mwandishi amepamba ukuta tu. Atakaye kuona namna Mganda anavyoifanya kazi hii aanze na Dilman Dila, mwandishi na mwongozaji wa filamu, ambaye mkusanyo wake wa hadithi A Killing in the Sun ulitoka mwaka 2014.

Hatua ya tano: tazama picha kwa haki

Filamu hupita kwa picha 24 kila sekunde, lakini anime ya televisheni mara nyingi hubadilisha mchoro kila baada ya picha mbili au tatu, yaani michoro 12 au 8 kwa sekunde. Uchoraji huu wa kubana ulienea tangu Tetsuwan Atomu ya Osamu Tezuka ilipoanza kurushwa tarehe 1 Januari 1963. Kwa hiyo picha isiyosogea si kasoro kwa yenyewe. Swali ni kama utulivu ule umechaguliwa au umetokana na kukosa muda. Katika mfano wangu, mikono ya binti imetulia na kidole kimoja tu ndicho kinachosogea, na hapo utulivu unafanya kazi. Umati unaoshangilia huku midomo imeganda ni habari nyingine.

Soma majina ya mwishoni. Kila episodi ina mchoraji wa mpango wa picha, mwongozaji wake, na wasimamizi wa michoro. Ukikuta wasimamizi wengi mno katika episodi moja, mara nyingi ni dalili ya haraka. Michoro mibovu ya televisheni hurekebishwa pia katika toleo la diski, hivyo taja toleo uliloliona. Kuhusu muziki, zingatia zaidi mahali uliponyamaza kuliko ulipovuma.

Hatua ya sita: kumbuka kwamba unatazama kupitia mfasiri

Wengi wetu husikiliza Kijapani, husoma manukuu ya Kiingereza, kisha huandika kwa Kiswahili. Neno limevuka mito miwili kabla ya kutufikia. Watazamaji wa Uganda hawahitaji kufundishwa kwamba mfasiri ni msimulizi wa pili, maana tumekulia kwenye vibanda vya video ambamo VJ, yaani msimulizi wa filamu, huigeuza filamu kwa Kiganda huku picha ikiendelea, akiongeza maelezo yake na kumpa adui jina la utani la mtaani. Manukuu hayapigi kelele kama VJ, lakini nayo yanachagua.

Kinachopotea zaidi ni heshima na umri. Kijapani kina neno moja kwa kaka mkubwa, ani, na jingine kwa ndugu mdogo wa kiume, ototo, ilhali Kiingereza huwaita wote kwa neno moja. Mganda atalishika hilo mara moja, kwa kuwa naye hutofautisha mukulu wange na muto wange. Mwanafunzi anapomwita aliyemtangulia senpai, manukuu mara nyingi huweka jina tupu, na mtazamaji akadhani wako sawa. Kisha siku anapoacha kumwita hivyo, tukio ambalo kwa Mjapani ni kofi, sisi hatusikii chochote. Kwa hiyo sikiliza miito kwa masikio yako hata kama lugha huijui. Unapoandika, Kiswahili kinaweza kurudisha sehemu ya kile ambacho Kiingereza kilikiangusha: kuna kaka na dada, kuna bwana na mheshimiwa, kuna shikamoo inayonyimwa kwa makusudi. Tumia kipaji hicho cha lugha yetu.

Usihukumu uzuri wa mazungumzo kwa manukuu pekee. Sema "katika tafsiri niliyoisoma", uendelee.

Hatua ya saba: andika

Anza na tukio moja uliloliona. Muhtasari unaweza kusubiri. Muhtasari usizidi sentensi nne, nao uishie mahali episodi ya kwanza inapoishia. Kinachofuata baada ya hapo ni siri ya hadithi, na kuifichua bila onyo ni kumwaga mtama kwenye kuku wengi: hauzoleki tena. Ikiwa hoja yako haisimami bila siri hiyo, weka onyo waziwazi, kisha iandike chini yake.

Tumia istilahi tulizozisoma katika fasihi, yaani msuko, dhamira, mandhari, taharuki, kwani zinaitosha anime bila kuazima. Maneno kama "kali" na "moto" yana joto lakini hayana ushahidi. Haya ndiyo maandishi ambayo daftari langu la visima lingezaa:

"Katika nusu ya kwanza ya episodi ya kwanza, kila kisima kina bei, na bei hiyo inaonekana: jina la mbwa, wimbo wa mama, kidole kinachosugua ukucha pale jibu linapokosekana. Kuanzia visima vitatu vya dakika ya 19, hata hivyo, mwandishi anaanza kukopa. Tunaonyeshwa maji, hatuonyeshwi kilichosahauliwa, na deni hilo linalipwa katika episodi ya tisa pekee, kwa pigo ambalo halihitaji vita wala radi."

Kila sentensi hapo inaweza kurudishwa kwenye dakika fulani, na msomaji asiyekubaliana nami anajua aende kuangalia wapi.

Kuhusu alama za kumi juu ya kumi sina mengi. Ukizitumia, eleza maana ya tano, uishike hivyo msimu hadi msimu.

Hatua ya nane: funga msimu

Baada ya episodi ya mwisho subiri siku mbili, usome daftari lote tangu ukurasa wa kwanza, na uangalie maswali ya safu ya tatu: yapi yamejibiwa, yapi yameachwa wazi kwa kusudi, yapi yamesahauliwa na mwandishi. Msimu ukiishia katikati ya hadithi, pima kama swali lililofungua episodi ya kwanza limefika kituo chochote. Ukigundua kwamba maoni yako ya awali yalikosea, usiyafute. Yaache na tarehe yake, uandike masahihisho juu yake.

Mwishoni kabisa weka mistari miwili. Wa kwanza ni wa mwenye bando dogo: atazame episodi ngapi kabla ya kuamua, na itamgharimu megabaiti ngapi. Wa pili nimeuandika chini ya kila uhakiki tangu jioni ile mlangoni: "Nimetazama episodi 12 kati ya 12, kwa manukuu ya Kiingereza", pamoja na tarehe niliyomaliza.